Maktaba ya shule ya kijijini: anza na sanduku, jengo litafuata

Shule nyingi za huku kwetu milimani, wilaya ya Same, zilianza kama shikizi: vyumba viwili vya matofali ya kuchoma na watoto wa awali, la kwanza na la pili ambao walikuwa wadogo mno kupanda na kushuka kila siku hadi shule mama. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto walijaa hadi barazani. Mwaka 2021 fedha za UVIKO-19 zikajenga madarasa 15,000 nchi nzima, 3,000 kati ya hayo kwenye shule shikizi, na shikizi nyingi zikapata ubavu wa kuomba usajili. Leo unakuta shule kamili mahali ambapo wazazi wa watoto hao walilima tangawizi.

Katika kukua huko maktaba huwekwa mwisho. Kwanza madarasa, kisha matundu ya vyoo, kisha nyumba ya mwalimu, kisha jiko la uji. Sipingi hata kimoja. Choo ni choo, na kiwango cha tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25 bado kinatusumbua. Ninachosema ni kwamba maktaba haina haja ya kusimama kwenye foleni hiyo. Inataka vitabu vichache, mtu mmoja anayejua kila kitabu kilipo, na ruhusa ya mtoto kwenda nacho nyumbani. Vitu hivyo vitatu unaweza kuvipata muhula huu, ukiwa bado unafundishia chini ya mwembe.

Kwanza malizeni suala la upotevu

Ingia stoo ya shule yako, au kabati la ofisi ya mwalimu mkuu. Kuna uwezekano mkubwa utakuta vitabu vya hadithi humo, vipya, kurasa bado zimegandana, vumbi juu. Havijafungiwa kwa roho mbaya. Mwalimu mkuu alisaini kuvipokea, na mkaguzi akija ataulizwa viko wapi. Kitabu kilichofungiwa hakipotei, kwa hiyo hakileti hoja ya ukaguzi. Mwalimu wa kawaida akipewa ufunguo, hofu ileile inamhamia yeye.

Usijaribu kuiondoa hofu hiyo kwa maneno matamu. Iondoe kwa maandishi. Mwombe mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu wa kamati ya shule, aweke ajenda ya maktaba kwenye kikao kijacho. Muhtasari uandikwe waziwazi. Sisi tunaandika hivi:

“Kamati imekubali kuwa vitabu vya ziada vitaazimwa na wanafunzi kwenda nyumbani. Kitabu kitakachochakaa kitashonwa. Kisichoshoneka, au kilichopotea, kitaondolewa kwenye leja mara moja kwa mwaka mbele ya wajumbe wawili wa kamati. Mzazi hatatozwa fedha kwa kitabu kilichopotea kwa bahati mbaya.”

Mwenyekiti asaini, katibu asaini, nakala iende kwa afisa elimu kata, na nyingine uibandike ndani ya jalada la leja. Ukishakuwa na karatasi hiyo, kitabu kilichotatuka ni kitabu kilichotumika, na una ushahidi kwamba wenye shule walilijua hilo tangu mwanzo.

Sentensi ya mwisho italeta ubishi kwenye kikao. Kuna mjumbe atasema bila faini watoto watachezea vitabu. Ishikilie. Faini haimfanyi mtoto atunze kitabu. Inamfanya mzazi akikatae. Bibi mmoja anayelea wajukuu watatu alikuja shuleni asubuhi na kitabu mkononi. Nikamsabahi, “Shikamoo bibi.” “Marahaba mwanangu. Hiki nimekirudisha. Moto uko jikoni, mbuzi wako jikoni, na watoto wanalala hapohapo. Kikiungua nitalipa nini mimi?” Nilimsomea muhtasari wa kamati, neno kwa neno. Akasikiliza, akauliza kama mwenyekiti mwenyewe amesaini, nikamwonyesha saini. Akakirudisha kitabu kwenye kanga yake akaondoka nacho.

Kutokana na maneno yake tukaongeza kitu kimoja ambacho nakusihi usikiache: kila kitabu kinatoka na mfuko wake. Kiroba cha unga cha kilo 25 kinatoa mifuko kadhaa. Kata, shona pande mbili, acha mdomo mrefu wa kukunjia, tia kamba ya kuning’iniza. Nyumbani kitabu kinaning’inia msumarini, mbali na moshi, mbuzi na mtoto anayetambaa. Huku kwetu ukungu hushuka hadi mlangoni, na mtoto hutembea kwenye manyunyu. Bila mfuko kitabu hakimalizi masika.

Sanduku na kinachoingia ndani yake

Fundi seremala wa kijijini akutengenezee sanduku la mbao lenye mfuniko, bawaba na komeo, lisilozidi uzito ambao watoto wawili wa darasa la tano wanaweza kulibeba. Likizidi uzito huo litakaa mahali pamoja, na sanduku lisilotembea linarudi kuwa stoo. Vitabu 40 vinavyosomwa vinatosha kuanza.

Kuchagua ndiyo kazi yenyewe. Vitabu vya kiada viacheni kwenye utaratibu wake, hiyo si maktaba. Hasa sasa: mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu, na shule zimebaki na marundo ya vitabu vya mtaala wa zamani. Kuna watu watakushauri uvipange kwenye rafu ili maktaba ionekane imejaa. Usikubali. Mtoto akivuta vitabu viwili vya kwanza akakuta ni mazoezi ya hesabu ya zamani, harudi kuvuta cha tatu.

Unachotaka ni vitabu vya ziada vya Kiswahili: hadithi fupi, herufi kubwa, picha nzuri kwa la kwanza na la pili, hadithi ndefu kidogo kwa la tatu na la nne, halafu vitabu vya maarifa, wanyama, mwili wa binadamu, nyota, kilimo, kwa wakubwa. Vipo kuliko watu wanavyodhani. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukihimiza uandishi na uchapaji wa vitabu vya watoto kwa Kiswahili tangu 1991, na wachapishaji wa Dar es Salaam wana orodha ambazo watakutumia ukiomba. Nunua nakala mbili za kila kitabu badala ya moja. Mtoto anasoma kwa sababu rafiki yake anasoma.

Kuhusu fedha tuwe wakweli. Ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo hubaki huko juu kwa ajili ya vitabu vya kiada. Shule ya watoto 300 inabaki na 1,800,000 kwa mwaka mzima, sawa na 150,000 kwa mwezi, na humo mna chaki, mitihani, michezo, ukarabati na stakabadhi za kila aina. Mwalimu mkuu akikuambia hela hakuna, hakudanganyi. Mwombe kitu kidogo kinachojulikana: vitabu vinne kila muhula, vimeandikwa kwenye mpango wa shule. Vingine vitafute kwa waliosoma hapo wakaondoka. Vijana wetu wako Moshi, Arusha, Dar. Wakija Desemba kula sikukuu, usiwaombe “msaada kwa maktaba.” Wape karatasi yenye jina la kitabu na bei yake. Mtu akiona bei ya kitabu kimoja hutoa, akiona maneno makubwa huahidi.

Kuna pia vitabu vya kuchapa mwenyewe. Tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kupakua, kuchapa na kugawa bure. Mimi hupakua nikishuka Same mjini ambako mtandao haukatiki, nachapa stationari, nashona mwenyewe. Kitabu cha namna hiyo ni chepesi lakini watoto hawajali wino wala gramu za karatasi.

Na vitabu vya ufadhili kutoka nje? Pokea kwa masharti. Omba orodha kabla ya shehena. Uliza lugha, umri wa msomaji, mwaka wa kuchapwa. Kama mfadhili anakasirika kuulizwa, heri aende zake. Maboksi ya vitabu vya sheria ya kodi ya nchi nyingine yakishafika milimani, gharama ya kuyashusha ni yenu. Kitabu cha Kiingereza chenye picha nzuri za wanyama au sayari kipokee kwa mikono miwili. Watoto wa la sita wanakipigania.

Madaftari mawili na muhuri mmoja

Sehemu hii ni fupi kwa sababu ikiwa ndefu hakuna atakayeifuata.

Daftari la kwanza ni leja. Kila kitabu kinapata namba, tarehe kilipoingia, jina, mwandishi, mchapishaji, mwaka, kilikotoka na bei. Namba hiyo iandike pia ndani ya kitabu. Piga muhuri wa shule kwenye ukurasa wa jina la kitabu, na tena kwenye ukurasa mmoja wa katikati mliouchagua, uleule kwa vitabu vyote. Atakayechana ukurasa wa kwanza hajui kuhusu huo mwingine.

Daftari la pili ni la kuazima. Chukua kauntabuku la kwaya tatu. Watu wengi huandika kwa tarehe, mstari kwa mstari, na baada ya mwezi hakuna anayeweza kujua nani ana nini. Mpe kila mtoto ukurasa wake. Juu jina na darasa. Chini namba ya kitabu, kilipoondoka, kiliporudi. Ukifunua ukurasa wa mtoto unauona usomaji wake wote: huyu anasoma wanyama tu, huyu amekwama kwenye vitabu vya la pili, huyu hajaazima tangu masika na lazima niulize kuna nini kwao. Hakuna ripoti ya mtihani inayokuambia hayo.

Kwa ngazi za usomaji tumia rangi. Utepe wa umeme wa rangi nne, unaouzwa duka la vifaa vya ujenzi, kipande kimoja mgongoni mwa kitabu. Mfundishe mtoto kujipima: afungue ukurasa wowote, asome, akunje kidole kila anapokutana na neno lisilomwingia. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, achukue rangi ya chini yake bila kuona haya. Vikibaki vyote vitano, apande juu. Mambo ya namba za Dewey, zile ambazo maktaba hutumia kupanga vitabu kwa mada, yaache mpaka vitabu vya maarifa viwe vingi, na hata hapo chukua namba chache tu za kukuongoza: 500 sayansi, 630 kilimo, 398.2 hadithi za mapokeo, 896.392 fasihi ya Kiswahili. Ukifika hatua hiyo, panga safari hadi maktaba ya mkoa pale Moshi ukawaone wakutubi. Kushauri maktaba za shule ni sehemu ya kazi ya Bodi ya Huduma za Maktaba.

Kushona kitabu kilichoachia

Hili nataka ulijue kwa mikono yako. Vitabu vya watoto vingi vimebanwa kwa pini mbili katikati. Kwenye unyevu wa huku pini zinashika kutu, kutu inakula karatasi, na jalada linaondoka lenyewe.

Ng’oa pini kwa ncha ya kisu, taratibu, kutoka ndani. Linganisha kurasa, gonga mgongo mezani zikae sawa. Fungua kitabu katikati kabisa, kilaze juu ya ubao laini, na kwa msumari mdogo toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, moja upana wa vidole vitatu kutoka juu, moja hivyohivyo kutoka chini. Chukua sindano na uzi wa nailoni uliopakwa nta ya mshumaa. Ingiza tundu la katikati ukitokea ndani kwenda nje, ukiacha mkia wa uzi ndani. Nje panda, ingia ndani kwa tundu la juu. Ndani shuka moja kwa moja, ukiruka la katikati, utoke nje kwa tundu la chini. Nje panda, rudi ndani kwa tundu la katikati. Sasa una ncha mbili ndani. Hakikisha moja iko kushoto na nyingine kulia mwa ule uzi mrefu, vuta zikaze, funga fundo juu yake. Kata. Kitabu hicho hakiachii tena.

Selotepu usiiguse. Baada ya miezi inageuka njano, inanata vumbi, na ukiitoa inaondoka na maandishi. Ukurasa uliochanika uunge kwa kipande chembamba cha karatasi nyepesi na uji mzito wa unga wa ngano, halafu weka karatasi ya nailoni juu na chini, kandamiza kwa tofali hadi kesho yake. Uji usibaki, unaozea humo na kuita mende. Jalada livishe karatasi ya kaki, andika jina la kitabu kwa herufi za kuvutia. Wavulana wa darasa la sita, wale ambao kusoma kwenyewe hakujawakolea, ndio mafundi wangu wazuri wa kushona. Wanashona wakisoma ukurasa ulio mbele yao, na siku moja wanaazima.

Chumba, wakati wake ukifika

Sanduku moja likizaa manne, na watoto wakianza kupanga foleni, una hoja ya kupeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Peleka kauntabuku. Soma hadharani idadi ya vitabu vilivyoazimwa mwezi uliopita. Hapo mkutano unaombwa kukihifadhi kitu ambacho wameshakiona nyumbani kwao.

Utaratibu wa ujenzi mnaujua: wananchi kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, hukusanya mawe, mchanga na matofali na kupandisha boma hadi usawa wa lenta, kisha halmashauri inaombwa fedha za kupaua na kumalizia. Kabla ya tofali la kwanza, pateni ramani na kibali kutoka kwa mhandisi wa halmashauri, maana boma lililojengwa nje ya kiwango hukaa miaka likiota majani. Fedha zikija kwa utaratibu wa kutumia mafundi wa hapahapa, kuna kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Ingia ya mapokezi. Huko ndiko unakoweza kukataa mbao mbichi.

Kama chumba ni darasa la zamani, anzia kwenye paa na madirisha. Unyevu ndio adui wa kwanza: matundu ya hewa chini ya dari, madirisha pande mbili yanayokabiliana, wavu wa kuzuia ndege. Madirisha yafunguliwe kila siku jua likitoka, hata likizo, kwa hiyo kuwe na mtu wa likizo. Kitabu kikiota kuvu, kitenge, kianikwe kivulini penye upepo, kisha kifutwe kwa kitambaa kikavu; jua kali hukunja jalada.

Adui wa pili ni mchwa. Rafu zisiguse ukuta. Acha nafasi ya kiganja ili ufagio upite na uione njia ya udongo kabla haijafika juu. Kila mguu wa rafu uingie kwenye kopo lenye oili chafu, na kopo likae ndani ya kopo kubwa zaidi ili mtoto akilipiga teke oili isimwagike sakafuni. Tumia mbao zilizotiwa dawa. Urefu wa rafu usizidi bega la mtoto wa la tatu. Rafu ya chini kabisa ni ya awali na la kwanza, na hapo vitabu visimame vikionyesha sura, kwa sababu msomaji wa umri huo huchagua kwa picha. Sakafuni mkeka unatosha. Meza zikija zije.

Ufunguo uwe na nakala tatu: ofisini, kwa mwalimu wa maktaba, na kwa mkutubi mwanafunzi wa zamu. Najua hiyo ya tatu inatisha. Ila walimu ni wachache, huyu yuko semina, yule ana homa, na maktaba inayomtegemea mtu mzima mmoja hushinda imefungwa. Chagua wakutubi wadogo wanne wa la tano na la sita, wasichana kwa wavulana, wabadilishane kwa wiki. Wafundishe kauntabuku kwanza, ufunguo baadaye.

Wekeni kipindi cha maktaba kwenye ratiba ya kila darasa, na mwalimu awasomee kwa sauti nusu ya kipindi hicho. Nusu nyingine waachwe wasome. Bila maswali, bila “andika ulichojifunza.” Maswali wanayo ya kutosha kwingine. Baada ya masomo iwe wazi hadi saa kumi na moja, na siku ya gulio hadi jioni, maana wazazi wakitoka kuuza tangawizi hupita na hupenda vile vya kilimo. Waazimishe nao. Mzazi mwenye ukurasa wake kwenye kauntabuku haulizi tena kwa nini mtoto ameshika kitabu badala ya jembe.

Na mkiwa na chumba, tengeni rafu moja ya vitabu mlivyotunga wenyewe. Watoto waende kwa wazee, wasikilize hadithi, hata kama zimesimuliwa Kipare, waandike kwa Kiswahili, wachore, mshone kama nilivyoeleza. Vipeni namba za leja kama vitabu vingine vyote. Kwetu ndivyo vinavyochakaa haraka kuliko vyote.

Kuhesabu

Wiki moja kabla ya kufunga shule mwezi Desemba, kuazima kunasimama. Kila kitabu kirudi. Wakutubi wadogo wakae na leja, mmoja akiita namba, mwingine akitafuta, wa tatu akiweka alama kwa penseli. Visivyoonekana, tembeleeni nyumba kwa nyumba kwa upole. Vingi viko msumarini ndani ya kiroba. Vilivyokosekana na visivyoshoneka andikeni orodha yake, waiteni wajumbe wawili wa kamati waone na kusaini, vifuteni kwenye leja kwa wino mwekundu. Orodha hiyohiyo, pamoja na idadi ya vilivyoazimwa mwaka mzima, mpeni mwalimu mkuu kabla hajaandika bajeti ya Januari, na chini yake andikeni majina na bei za vitabu vinne vya muhula wa kwanza.